Mkono Unaotazama Ukuta

Bombambili, Songea
Jumatatu, mvua ikinyesha

Mdogo wangu Zuhura,

Assalaam alaykum, wewe na wote walio chini ya paa lako. Shikamoo yako aliyonifikishia dereva wa lori la korosho nimeipokea, nami naiitikia kwa mkono huu: marahaba, na marahaba tena. Najua barua hii utasomewa na Sharifa, kwa hiyo na yeye nampa salamu yake mapema kabla hajachoka. Sharifa, mjomba wako hajambo, ila magoti. Soma polepole, usiruke mahali, maana mbele kuna sehemu itakayobidi usome mara mbili.

Kifua cha shemeji kinaendeleaje? Aliacha ile tumbaku, au bado anasema kesho? Na mikorosho ya upande wa bondeni, ile aliyopanda marehemu baba, mliwahi kuipulizia dawa? Nimesikia kwamba msimu huu wanunuzi binafsi wamefika hadi huko Tunduru vijijini na mizani zao wenyewe, na kwamba mtu anauza kwa amtakaye. Hapa Songea pia ni hivyo hivyo kwa mahindi. Kila kitu ruksa, na kila mtu amechoka.

Swali ulilolituma kwa mdomo wa dereva lilikuwa fupi: "Mwambie kaka, watu wa mwanamume wanauliza kama Sharifa ana mjomba au hana." Nilicheka kidogo, kisha likanikaa kifuani. Kwetu mwenye mbumba, yaani kaka aliyekabidhiwa dada zake na watoto wao, ndiye anayesimama mlangoni binti anapoolewa. Baba yupo, na ni mtu mwema, lakini neno la mwisho ni la mjomba. Nilikuahidi ningefika korosho zikishauzwa. Korosho zimeuzwa, mvua zimeanza, na mimi bado niko hapa. Naomba univumilie nikueleze. Sikukaa kwa uvivu wala kwa kudharau damu yangu. Nilikaa kwa sababu ya neno moja lililosemwa juu yangu mbele za watu, na sikutaka kuondoka katika mji wa watu nikiliacha hai nyuma yangu.

Unajua kwamba tangu nilipopunguzwa kazi ya ualimu nimekuwa msimamizi wa karakana ya ufumaji ya misheni. Zamani tulikuwa wafumaji wengi, vitanda vya mfumi tunavyofumia vikigongana kutwa nzima hata ukitaka kuzungumza unakwenda nje. Leo tumebaki wawili, mimi na Veronika, mjane wa hapa hapa Bombambili, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kiwanda kilichokuwa kikituuzia nyuzi za pamba kimefungwa. Mitumba imejaa sokoni hadi inakanyagwa. Nani atanunua shuka la kufumwa kwa mikono? Simlaumu mtu. Hata shati nililovaa ninapokuandikia ni la mtumba, na ndani ya ukosi limeshonwa jina la mtu wa Ulaya ambaye sitamjua kamwe.

Kazi ya mwisho tuliyoagizwa ni zulia la ukutani kwa ajili ya kanisa jipya la parokia, refu kuliko mlango, la kutundikwa nyuma ya altare. Sufu ilitoka kwa kondoo wa Njombe, Veronika akaisokota kwa mkono, nami nikaitia rangi. Mchoro aliuacha Sista Hedwiga, yule mtawa mzee aliyetufundisha kazi hii. Aliuchora akiwa tayari mgonjwa, akaukabidhi, akasafirishwa kwao, na miezi michache baadaye tukaletewa habari kwamba amefariki. Hakupata nafasi ya kukaa nasi na kutueleza, kama alivyozoea.

Acha nikuchoree mchoro huo kwa maneno, maana ndani yake kila kitu kilikuwa na maana, na mimi napenda vitu vyenye maana. Bwana wao, tunayemwita Nabii Issa, amesimama katikati akinyoosha mkono kutoa mkate. Mkono wa pili umeshika kikombe kifuani. Pembeni yake Sista hakuweka ngano, ingawa katika vitabu vyao ndiyo huwekwa. Zamani aliwahi kusema kwamba mtu wa Songea anaijua ngano ikiwa unga tu, kwa hiyo akaweka mabua ya mahindi, kila bua na mahindi mawili. Chini ya miguu kuna mito minne inayotoka katika mwamba mmoja. Hiyo ni mito ya bustani ya Adamu, na pia ni wale waandishi wanne wa Injili, kwamba uende mto upi utakunywa maji yale yale. Vazi la ndani ni jekundu, rangi ya damu na ya mapendo. Joho la nje ni la nili, rangi ya mbingu. Na kila upande wa kichwa kuna herufi moja ya Kigiriki. Moja ni kama A yetu, nayo ni ya kwanza katika alfabeti yao. Nyingine ina umbo la kwato ya punda iliyofunguka chini, nayo ni ya mwisho. Maana yake ni kwamba yeye ni mwanzo na mwisho.

Shemeji atanung'unika hapa juu ya sanamu na mitume, nami namheshimu kwa hilo. Mwambie kwamba fundi anapoiezeka nyumba ya jirani haulizwi analala wapi.

Sasa sikiliza kosa lilivyotokea, maana si kosa la mtu asiyejua. Zulia la picha hufumwa kutoka upande wa nyuma. Kila unapobadili rangi unakata uzi wa mshindio, ule unaopitishwa kukatiza, na kuuacha uning'inie upande wako, ili ule upande wa pili, ambao watu watautazama, ubaki safi. Kwa hiyo mfumaji huiona kazi yake kama mtu anavyojiona katika kioo. Samaki unayemfuma akitazama mashariki, ukimkata na kumgeuza, anatazama magharibi. Ndiyo sababu mchoro huwekwa umegeuzwa kinyume, ili kazi ikitoka kitandani kila kitu kirudi mahali pake.

Sista aliugeuza mchoro, kama ilivyopasa. Lakini mimi nilipoukunjua mbele ya Veronika nilichokiona ni kimoja tu: Bwana wa watu anatoa mkate kwa mkono wa kushoto.

"Mwalimu," Veronika akasema, "hiki nini?"

"Ugonjwa," nikamjibu. "Marehemu hakuwa na nguvu tena. Tazama hata herufi. Ameanza na ya mwisho."

"Na Wazungu hawajali mkono. Yule fundi wa jenereta alikuwa akinipa chumvi kwa kushoto kila siku. Mpaka nikazoea kutokasirika."

Nikaubandika mchoro dirishani, nyuma yake ikinitazama, nikauwekea karatasi nyingine juu, nikapitisha mkaa. Mkono ukawa wa kulia. Herufi ya kwanza ikaja mwanzo. Nilifurahi, Zuhura. Nilijiona nimemsitiri mama wa watu aliyekufa asionekane hana adabu. Habari ya samaki na kioo niliijua miaka yote, lakini hadi hapo tulikuwa tumefuma misalaba, ndege na maua, vitu visivyo na kulia wala kushoto vya kumuudhi mtu. Elimu ninayo, lakini siku ile adabu ilitangulia, na elimu ikabaki nyuma ikifunga kamba za viatu.

Tulifuma kwa miezi mingi. Tulikaa kwenye benchi moja, mimi upande wa mito na yeye upande wa mahindi, tukikutana katikati kwenye joho. Kila siku tulimwona Bwana akitoa kwa kulia, kati ya ncha za nyuzi zinazoning'inia kama ndevu. Upande wa mbele uliuelekea ukuta, na kila tulipomaliza kipande kiliviringishwa kwenye gogo la kitanda. Hakuna aliyeuona.

Siku ya kulikata, Paroko alikuja na wajumbe wa kamati ya ujenzi na baadhi ya akina mama wa jumuiya. Paroko ni kijana, mpole, ana pikipiki na haraka. Pamoja nao alikuwepo Mzee Kanisius, katekista wa siku nyingi, aliyefundisha katekisimu nusu ya watu wazima wa mtaa huu. Tumekuwa tukitaniana naye tangu nilipofika. Yeye huniita "Mwalimu wa upande wa pili," nami humwita "Askofu asiye na kofia." Tulilibeba zulia watu sita, tukalitandaza kwenye sakafu ya kanisa, uso juu.

Akina mama walianza kupiga vigelegele, kisha vikakatika kimoja kimoja. Mmoja akasema taratibu, "Mbona anatoa kwa ule?" Mwingine akacheka kwa aibu, akajifunika mdomo kwa kanga. Mzee Kanisius akazunguka zulia lote, akasimama miguuni pa Bwana wake, akatazama mkono, kisha akanitazama mimi.

"Bakari," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Kazi hii tulimwachia Mwislamu, naye ametufumia Yesu anayetupa mkate kwa mkono wa chooni."

Sijui kama huko kwenu inasikika, lakini hapa mjini siku hizi kuna maneno. Watu walioishi jirani miaka mingi wakila futari na Krismasi pamoja, sasa wanasikiliza kanda za mihadhara na kupimana. Kwa hiyo neno la Kanisius halikuanguka chini. Nililiona likipita kutoka uso hadi uso. Hakuna aliyesema "makosa." Walikuwa wakijiuliza kama nimefanya makusudi.

Paroko akasema, "Jamani, Mungu hana kulia wala kushoto."

"Padre," akajibu mama mmoja, "mkwe wangu akinipa ugali kwa mkono ule naurudisha. Sembuse Ekaristi?"

Hapo Veronika akanisogelea, akaninong'oneza, "Mwalimu, mchoro wa Sista uko kabatini. Mkono wake ni wa kushoto vilevile. Waonyeshe tu, yaishe."

Zuhura, alikuwa anasema kweli. Ningeuleta mchoro ule, wangeona mkono wa kushoto umechorwa na mtawa wao wenyewe, wangetikisa vichwa kuhusu Wazungu, na mimi ningepanda basi wiki ile ile kuja kumwozesha Sharifa. Nani angejua habari ya kioo? Marehemu hajibu. Nilisimama pale, magoti yakiniuma, nikalipima jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kisha nikasema, "Sista alichora sawasawa. Aliyegeuza ni mimi."

Nikaanza kueleza. Unanijua nikianza kueleza. Nilieleza mtande, yaani nyuzi zinazotandwa kwanza kitandani, na mshindio, nikaeleza samaki, nikaeleza kioo, nikawaambia watu wafikirie mhuri wa posta, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo. Mzee Kanisius alinikata: "Mtu mwenye kweli moja hahitaji maneno yote hayo."

Basi nikanyamaza. Nikapiga magoti, nikashika pembe moja ya zulia, nikamwomba Veronika ashike nyingine, tukaligeuza. Upande wa nyuma ukawa juu, umejaa ncha za nyuzi na mafundo kama kichwa cha mtu aliyetoka kuugua. Lakini katikati ya msitu huo Bwana alikuwa akitoa mkate kwa mkono wa kulia, na herufi ya kwanza ikiwa mwanzo.

"Hivi ndivyo nilivyomwona miezi yote hii," nikawaambia. "Nipeni muda. Nitaficha kila ncha, na upande huu ndio utakaotazama watu."

Paroko akauliza, "Inawezekana?"

"Inawezekana. Ni kazi ya sindano tu. Kila uzi uliokatwa unarudishwa ndani kufuata mtande, mmoja mmoja."

"Ziko ngapi?"

Veronika akajibu kwa niaba yangu, "Padre, ukianza kuhesabu utaacha upadre."

Walicheka kidogo, lakini Kanisius hakucheka. Alisema tu kwamba kama kazi itafanywa, ifanyike humo humo kanisani, na yeye atakuwepo. Nilielewa. Alitaka kunilinda, kwa maana ile ya askari na mfungwa. Nikakubali. Hiyo ndiyo siku ambayo ningekuwa nimeanza safari ya kuja kwenu.

Nimekuwa nikikaa kwenye benchi la kanisa, zulia mapajani kama blanketi la mgonjwa, kila siku tangu asubuhi hadi mwanga unapoisha. Macho yangu sasa hayaoni tundu la sindano, kwa hiyo Veronika alikuwa akinitungia sindano nyingi asubuhi na kunichomekea kwenye mkono wa shati kabla hajaanza upande wake. Mgongo umekuwa kama bua lililokauka. Mara nyingine nilirudi nyumbani nikashindwa kushika kijiko. Swala ya adhuhuri niliiswali nje, chini ya upenu wa sakristia, na nilipomaliza nilikuta Mzee Kanisius ameniwekea jiwe pembeni la kuegemea nikinyanyuka.

Wiki za kwanza alikaa benchi la nyuma na rozari yake, akinitazama mikono. Baadaye akasogea benchi la kati. Siku moja alikuja akakaa kando yangu, akaninyanyulia uzito wa zulia ili nishone vizuri. Siku iliyofuata Veronika aliugua malaria asije, na sindano zote zikawa tupu. Kanisius akanyoosha mkono.

"Lete," akasema. "Macho yangu bado yanaona mbali na karibu. Ni masikio tu yaliyokufa."

Akatunga uzi mara moja. Kisha badala ya kunipa sindano, akaanza kushona mwenyewe. Akaingiza ncha ndani ya mtande, akaivuta, akaikata, akachukua nyingine. Alikuwa hodari kuliko mimi. Na alikuwa akishona kwa mkono wa kushoto.

Nilitazama, na nadhani nilitazama sana.

"Shona wewe," akasema bila kuinua macho. "Usinitazame."

Tukashona. Baada ya muda mrefu akasema, kama mtu anayezungumza na sindano, "Shule ya misheni walinichapa hadi vidole vikavimba. Kuandika, kula, kupiga ishara ya msalaba, vyote vilihamia kulia. Kushona nilijifunza mwenyewe, nikichunga mbuzi, hapakuwa na wa kunichapa. Ndiyo maana kushona kulibaki kushoto."

"Na siku ile ya zulia?"

"Siku ile nilipoona ule mkono nilihisi fimbo," akasema. Kisha akaongeza, "Aliyechapwa kwa jambo ndiye mkali zaidi wa jambo hilo. Niwie radhi, Mwalimu wa upande wa pili."

"Nimekuwia, Askofu."

Tangu siku hiyo alikuja na sindano yake mwenyewe, na akina mama watatu wa jumuiya wakaja nyuma yake. Nao walipomwona katekista wao ameketi ubavuni pangu akishona, lile neno lilikufa lenyewe, bila kuzikwa na mtu.

Sharifa, sasa tumefika. Soma hapa mara mbili.

Zuhura, nilipouona mkono wa mzee yule niliona mkono wako. Ulikuwa darasa la pili, mimi nikiwa mwalimu kijana, viatu vipya, chaki mfukoni. Ulikuwa ukiandika kwa kushoto, na mwandiko wako ulikuwa mzuri kuliko wa watoto wote waliokuwa mbele yangu. Niliona aibu kwamba dada wa mwalimu ni mshoto. Nilichana ukanda katika kaniki ya mama, nikaufunga mkono wako kiunoni, nikakupa kalamu kwa kulia mbele ya darasa zima. Hukuweza hata kuandika mstari ulionyooka. Wenzako walicheka, nami sikuwanyamazisha. Ulirudi siku ya pili ukafungwa tena, na ya tatu, na juma lililofuata hukuja. Baba alisema mwacheni, ni msichana. Nami nikasema amekataa shule mwenyewe.

Hukukataa shule. Mimi ndiye niliyekufukuza, kwa ukanda wa nguo ya mama yetu. Na kwa sababu hiyo barua zangu zote umesomewa na watu wengine, na hata hii ya kukuomba radhi inabidi ipitie mdomo wa mwanao. Nimekuona mara nyingi nilipokuja likizo, ukidhani uko peke yako jikoni, ukikata mboga kwa kushoto upesi upesi, na mtu akiingia kisu kinahama. Niliona na sikusema. Niliita ile adabu.

Sisemi mkono wa kulia uvunjiwe heshima. Tumefundishwa kula kwa kulia, kupokea kwa kulia, na nitakufa nikifanya hivyo. Lakini kalamu si tonge. Nilikuwa mwalimu, nilipaswa kujua tofauti, na nilijua, kama nilivyojua habari ya samaki. Naomba radhi yako. Siiombi kwa haraka.

Zulia tulilitundika Jumapili iliyopita, sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Si zuri kama lingekuwa. Ukilisogelea unaona vivimbe vidogo mahali ncha zilipoingia nyingi, hasa kwenye joho. Lakini watu walimwona Bwana wao akiwapa kwa kulia, wakaimba. Mimi nilisimama nje mlangoni, kofia yangu kichwani, na Mzee Kanisius alitoka katikati ya misa akasimama nami. Kanisa zima walikuwa wakitazama mkono wa kulia. Sisi wawili tulijua kwamba ule wa kushoto nao upo, msafi, hauna ncha hata moja, umeelekezwa ukutani.

Karakana itafungwa. Hakuna aliyesema, lakini hakuna agizo jingine, na kitanda cha mfumi kimoja tumekwisha kukitoa kutengeneza rafu za duka. Veronika anataka kuuza mandazi. Nami nimechoka, mdogo wangu, uchovu ambao haukai miguuni. Nakuja nyumbani, si kwa harusi tu. Barabara ya Namtumbo imekatika sehemu mbili, malori yanapita kwa kusukumwa na mabasi bado hayajaruhusiwa. Dereva anayekuletea barua hii atarudi huku kabla ya basi la kwanza kuondoka. Waambie watu wa mwanamume kwamba Sharifa ana mjomba, ni mzee, na yuko njiani. Kama hawawezi kusubiri, mdogo wetu aliye Lusewa asimame mahali pangu. Nimempa ruhusa, wala sitakasirika.

Nisalimie shemeji na kifua chake. Nisalimie shangazi, mwambie ile dawa ya macho sikuipata. Nisalimie jirani yako mkunga aliyempokea Sharifa duniani, na mwalimu wa madrasa, ambaye najua ataomba asomewe habari ya zulia, na msomeeni. Watoto wote wa mbumba wapate salamu zao kila mmoja kwa jina lake.

Jambo la mwisho. Jibu la barua hii usimtume dereva kwa mdomo, wala Sharifa asikuandikie. Chukua karatasi, ushike kalamu kwa mkono ule niliokufunga, uandike unachoweza. Hata kama ni mstari mmoja uliopinda, hata kama ni alama ambayo hakuna mwalimu anayeijua. Mpe dereva. Nikiupata nitajua nimeruhusiwa kuingia nyumbani kwako.

Penseli imo ndani ya bahasha. Nimekwisha kuichonga.

Kaka yako, na mwalimu wako wa darasa la pili,
Bakari